Ziwa Nyasa na Maana ya Neno "Mageuko"

Mwanafunzi ajifunzapo nadharia ya mageuko ya viumbe husimuliwa kwanza safari ya Charles Darwin. Mwingereza huyo aling'oa nanga Plymouth katika merikebu Beagle tarehe 27 Desemba 1831, akarejea kwao Oktoba 1836. Mwaka 1835 alifika visiwa vya Galápagos, na ndege alioleta kutoka huko walimfikirisha sana. Kitabu chake juu ya asili ya viumbe kilitoka Novemba 1859.

Miezi miwili kabla ya hapo, Septemba 1859, David Livingstone na daktari John Kirk walifika Ziwa Nyasa, liitwalo pia Ziwa Malawi. Kirk, ambaye baadaye alikuwa balozi wa Uingereza Unguja, alikusanya samaki, na mwaka 1864 Albert Günther aliandika habari zao huko London. Wavuvi wa pwani za ziwa walikuwa wamekwisha kuwatambua samaki wao na kuwapa majina: chambo, utaka, mbuna.

Mbuna ndio wenye somo. Huishi penye miamba, wala hawapendi kuvuka mchanga na vilindi. Jike hulea mayai kinywani, kwa hiyo watoto hawachukuliwi mbali na maji. Basi kila mwamba huwa kama kisiwa. Wako wanaokwangua mwani juu ya mawe, na wako wanaokula magamba ya wenzao. Aina za samaki wa ukoo huu ziwani ni mamia. Mwaka 1984 UNESCO iliitia Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Malawi katika Urithi wa Dunia, ikiwalinganisha samaki hao na ndege wa Galápagos.

Hapa mwalimu wa Kiswahili ana kazi. Katika ngano zetu mtu hugeuka chui usiku mmoja, na mwanafunzi asikiapo "mageuko" hufikiri kwamba samaki mmoja aligeuka mwingine. Sivyo. Mbuna hufa akiwa mbuna yule yule. Kinachobadilika ni ukoo, kizazi baada ya kizazi, kwa kuwa wafaao mahali pao huacha watoto wengi zaidi. Tusipoeleza tofauti hiyo, mwanafunzi atakariri neno na kukosa maana.

Mwalimu wa Kawale au wa Dzaleka, basi, hana haja ya kuanzia Galápagos. Ziwa li karibu. Na aanze na mbuna.