Viatu Vilitangulia Maji: Historia ya Harufu ya Miguu Masasi na Newala

Harufu ya miguu, ambayo wengi huihesabu kuwa aibu ya mtu binafsi au dalili ya uvivu wa kuoga, ina historia yake, na katika wilaya za Masasi na Newala historia hiyo haitenganishiki na mambo mawili, yaani maji na viatu. Jasho linapotoka kwenye nyayo halina harufu kali. Harufu huanza pale bakteria wa kawaida wa ngozini, hasa Staphylococcus epidermidis, wanapoivunja lusini, ambayo ni mojawapo ya asidi amino zilizomo katika jasho, na kuacha asidi isovaleriki, kemikali inayonuka kama jibini lililochacha. Bakteria hao hustawi penye unyevu na joto, na hali hizo mbili hukutana zaidi ndani ya kiatu kilichofunikwa kuliko kwenye mguu ulio wazi. Kwa hiyo jamii iliyotembea peku ilikuwa na mateso yake ya miguu, lakini harufu ya jasho haikuwa kubwa miongoni mwayo.

Newala iko kwenye ukingo wa magharibi wa uwanda wa juu wa Makonde, ambao udongo wake wa kichanga huyanywa maji ya mvua mara yanapoanguka, hivi kwamba juu yake hakuna mito, na chemchemi hupatikana chini ya magenge, mabondeni. Karl Weule, mtaalamu wa mila na tamaduni kutoka Leipzig aliyefanya utafiti Masasi na Newala mwaka 1906, alichapisha mwaka 1908 kitabu ambamo alieleza jinsi Wamakonde walivyokaa mbali na maji, akanukuu simulizi ya asili yao inayosema kuwa watoto wa kwanza waliozaliwa karibu na bonde hawakuishi, ila yule aliyezaliwa juu ndiye aliyepona, na ndipo wahenga wakausia kwamba watu wasijenge karibu na maji makubwa. Wosia huo uliwaepusha watu na homa za mabondeni, lakini gharama yake ilikuwa kupanda na kushuka magenge na mitungi kichwani, na maji yaliyopatikana kwa taabu kiasi hicho yalikuwa kwanza ya kunywa na kupikia, ndipo yafuate ya kuoshea miguu.

Adui mkubwa wa mguu mtupu alikuwa tekenya, ambaye kwingine huitwa funza, yaani kiroboto mdogo anayejichimbia ngozini kwenye vidole na kisigino. Mdudu huyu si mwenyeji wa Afrika: asili yake ni Amerika ya Kusini, na mwaka 1872 alishuka Ambriz, nchini Angola, pamoja na mchanga wa meli iliyotoka Brazili, kisha akasambaa na misafara hadi kufika pwani ya mashariki kabla karne haijaisha. Tekenya jike akishazama huvimba kwa mayai hadi kutoshana na punje ya njegere, na tiba ya nyumbani ilikuwa kumchokoa kwa mwiba au sindano, kwa mkono wa mtu mwenye subira, ili mfuko wa mayai utoke bila kupasuka. Shimo lililobaki lisiposafishwa lilioza na kunuka, na hiyo ndiyo iliyokuwa harufu mbaya ya miguu ya zama hizo, iliyotokana na kidonda wala si jasho. Katika Vita ya Kwanza ya Dunia, wakati majeshi ya Wareno, Waingereza na Wajerumani yalipopigania eneo hili katika miaka ya 1916 na 1917, tekenya aliwalemaza wapagazi na askari waliotembea peku.

Viatu vya kufunika mguu vilionekana kwanza kwa wageni, wakiwemo wamisionari wa UMCA, shirika la Kianglikana lililoanzisha kituo Masasi mwaka 1876 pamoja na watumwa walioachwa huru Unguja. Wenyeji waliovivaa mwanzoni walikuwa wachache, na wengi walipopata uwezo walipendelea makobazi, na baadaye katambuga, yaani ndala zinazokatwa kutoka matairi ya gari, ambazo hupitisha hewa na kuukinga mguu na mwiba. Mambo yalibadilika upesi baada ya uhuru, kwani elimu ya msingi kwa wote iliyotekelezwa kuanzia mwaka 1977 iliwapeleka watoto wengi darasani, ambako kiatu cheusi na soksi vilikuwa sehemu ya sare kwa aliyeweza kuvimudu, na soko huria la miaka ya 1980 likaleta raba za mitumba. Wakulima wa korosho nao, wanaopulizia salfa ili kuzuia ukungu wa mikorosho uitwao ubwiriunga, walihimizwa kuvaa mabuti ya mpira, ambayo huzuia vumbi lisiingie na jasho lisitoke.

Maji hayakwenda kwa kasi hiyo. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mradi wa kuyapandisha kwa pampu kutoka bondeni hadi juu ya uwanda, na kuanzia miaka ya 1970 mradi wa maji wa Mtwara na Lindi, uliofadhiliwa na Finland, ulichimba visima na kutandaza mabomba. Hata hivyo pampu ilipoharibika au mafuta yalipokosekana, kaya zilirudia mvua iliyovunwa mapaani na debe la kununua. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita vya Kagera, hata kipande cha sabuni kilikuwa adimu madukani. Kwa namna hiyo kizazi kizima kilifunika miguu kabla ya kuwa na maji ya uhakika ya kuiosha, na hapo ndipo harufu ya jasho ilipopata makao.

Tiba za nyumbani zinaeleweka vizuri zaidi kwa historia hiyo. Jiwe la shabu, yaani chumvi ya alumini ambayo watu wa pwani huitumia kukausha jasho, hubana vitundu vya tezi. Maji yenye siki au chumvi huwapunguza bakteria. Jua hukausha kiatu hadi ndani. Na pale ngozi ya unyayo inapojaa vishimo vidogo na kunuka sana, ugonjwa huo wa bakteria huhitaji dawa ya kupaka inayotolewa zahanati. Nguzo ya kinga ni ukavu: beseni moja la maji na sabuni hutosha miguu yote miwili, mradi katikati ya vidole pafutwe pakauke, soksi zibadilishwe kila siku, na kiatu kipumzishwe kutwa nzima kabla ya kuvaliwa tena. Sharti hili la mwisho ndilo gumu kwa mwenye jozi moja, na kwake kandambili za jioni, zinazouacha mguu upate hewa, zina faida kuliko poda yoyote ya dukani.