Barua ya Jirani Kupitia Ng'ambo

Mwishoni mwa miaka ya 1990, nikiwa fundi wa mitandao Nairobi, kila mteja alililia laini pana zaidi. Waliokuwa na pesa waliinunua, na bado wakasubiri. Mawasiliano yetu yalipitia setilaiti iliyo karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Ombi la faili hupanda na kushuka, jibu nalo vivyo hivyo, na hata kwa mwendo wa mwanga nusu sekunde hivi huishia angani. Kisha ukurasa wenye picha ulikuwa na mafaili mengi, na kabla ya kuyatuma, mashine mbili zilianza kwa kusalimiana.

Tuliponea Squid, programu ya bure iliyotoka 1996. Tuliiweka mlangoni mwa mtandao, ikahifadhi nakala ya kilichopita. Aliyetangulia kuomba aliteseka. Aliyemfuata alihudumiwa papo hapo. Kazi ilikuwa kujua nakala ipi imechakaa. Ukiuliza seva ya ng'ambo kila mara, unairudia safari uliyoikwepa. Usipouliza, watu wanasoma habari za jana. Mimi picha nilizipa siku kadhaa, magazeti dakika chache.

Kioja kilikuwa barua pepe. Wateja wa kampuni mbili tofauti, hata ofisi zao zikitazamana mtaa mmoja, waliandikiana kupitia ng'ambo, kwa kuwa kampuni hizo hazikuwa na mahali pa kukutania nchini. Novemba 2000 KIXP, kituo cha kampuni za mtandao kubadilishana mawasiliano, ikafunguliwa ili zikutane papa hapa. Telkom Kenya ikalalamika kwamba kituo hicho kinavunja haki yake ya pekee ya kupitisha mawasiliano ya kimataifa, na baada ya wiki mbili hivi mdhibiti, CCK, akaifunga. Ilirudi Februari 2002. Kwangu mimi, hakuna kifaa kilichotufaa kuliko ile swichi ya KIXP.

Julai 2009 mkongo wa SEACOM ulipoanza kazi Mombasa, wenzangu wengi waling'oa Squid zao. Haraka ya nini? Mwanga ndani ya kioo cha mkongo hupungua kasi kwa theluthi moja, na London haikusogea karibu. Kampuni kubwa za ng'ambo zilijua hilo, zikaja kuweka seva za nakala zao hapa hapa Nairobi. Squid yenyewe ilikuja kukwamishwa na usimbaji: kurasa zikapita zimefungwa, isiweze kuzihifadhi. Muda wa kukaa na nakala sasa zinaupanga kampuni hizo za ng'ambo.