Shirika la Reli: Habari za Njia ya Voi na Kahe

Bonga, kusini ya mji wa Babati, haina reli, lakini iko kati ya reli mbili. Kaskazini iko ile ya Tanga, iliyofika Moshi mwaka 1911 na Arusha mwaka 1929. Kusini iko Reli ya Kati, ipitayo Dodoma. Mbili hizo, ingawa ni za nchi moja, hazikuunganishwa ila mwaka 1963, kwa kipande cha Ruvu na Mnyusi. Ajabu ni kwamba reli ya Tanga ilikuwa imekwisha kuunganishwa zamani na mshindani wake, reli ya Mombasa.

Kiungo hicho, kitokacho Voi hata Kahe, hakikujengwa kwa biashara. Jeshi la Waingereza lilikijenga mwaka 1915 na 1916, likiwaendea Wadachi waliokuwa Kilimanjaro. Kwa kuwa reli zote mbili zilikuwa na upana wa mita moja, behewa liliweza kuvuka bila ya kupakuliwa. Basi vita vilipokwisha, kahawa ya Moshi ikawa na bandari mbili za kuiwania. Kilindini meli kubwa zilikuja kufunga gatini. Tanga zilitia nanga mbali, na shehena ikapelekwa kwa matishari. Haihitaji hesabu kubwa kujua nani alipata faida.

Mwaka 1948 ushindani huo ulitiwa chini ya uongozi mmoja wa reli za Kenya, Uganda na Tanganyika, na mwaka 1969 ukazaliwa uliokuja kuitwa Shirika la Reli la Afrika Mashariki, makao yake Nairobi. Hapa neno lenyewe lastahili kutazamwa. Shirika, kwa asili yake ya Kiarabu, ni watu kuwa na fungu katika mali moja. Ndugu zake ni kushiriki na mshirika. Jina lilisema kweli.

Februari 1977 Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na mwaka huohuo Jumuiya ikavunjika. Mpaka ulifunguliwa 1983. Mapatano ya kugawana mali na madeni yalitiwa sahihi Arusha mwaka 1984, kwa usuluhishi wa Victor Umbricht, Mswisi. Huko Chicago, makampuni yashindanayo yameimiliki pamoja reli ya kuuzunguka mji kwa zaidi ya miaka mia. Lakini wao hawakuwa na mipaka ya kufunga.

Kila nchi ikaunda reli yake, na kila moja ikaiita shirika: la Kenya, la Uganda, la Tanzania. Ushirika ulikufa, jina likarithiwa na watatu wasioshirikiana. Na reli ambayo hasa ni ya shirika, ile ya Tanzania na Zambia iliyokabidhiwa mwaka 1976, mali ya dola mbili, ndiyo iliyopewa jina la Mamlaka.