Mjusi wa Buluu Alivyopata Bei

Kibuyuni, kijiji cha wakulima wa mwani karibu na Shimoni, yule mjusi wa ukutani ni mjusi kafiri, kama anavyoitwa kwingi Pwani. Masimulizi ya Kiislamu yanasema Nabii Ibrahim alipotupwa motoni, mjusi aliupuliza ule moto uzidi kuwaka. Ndiyo maana watu wakimwona wanavua ndara. Kumfuga? Nani afuge kafiri?

Kumbe wapo. Ulaya na Marekani kuna watu wenye matangi ya kioo sebuleni, taa ya joto juu, nyenje wachanga kwa chakula. Ila si huyu wa ukutani wanayemtaka zaidi. Wanawapenda jamaa zake wa mchana, wa jenasi ya Lygodactylus. Wapo hata kwenye minazi ya Kwale, wadogo kuliko kidole, wengine kichwa cha njano.

Aliyewatia wazimu ni binamu yao wa Tanzania, Lygodactylus williamsi. Dume ni buluu ya kung'aa. Jike ni kijani cha shaba. Arthur Loveridge alimpa jina hilo mwaka 1952, kwa heshima ya John Williams wa Makumbusho ya Coryndon, ambayo leo ni Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Mjusi huyu anaishi kwenye vipande vichache tu vya msitu huko Morogoro, hasa Kimboza, chini ya milima ya Uluguru. Na hata humo hakai popote. Anakaa kwenye mkadi, mti ambao jina lake la kisayansi, Pandanus rabaiensis, limetokana na Rabai, hapa hapa Pwani yetu.

Kwa miaka hamsini hivi hakuna aliyemsumbua. Halafu soko likamgundua. Kati ya Desemba 2004 na Julai 2009, kundi moja tu la wakamataji lilibeba zaidi ya mijusi 32,000, karibu asilimia 15 ya wote waliokadiriwa kuwepo. Mikadi mingine ilikatwa ili mijusi wafikiwe. Yaani nyumba inabomolewa ili mwenyewe atolewe.

Mwaka 2012 akaorodheshwa kuwa hatarini kabisa kutoweka. Mwaka 2016 Tanzania ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai, na mkutano wa CITES mjini Johannesburg ukampa ulinzi wa juu kabisa.

Wafugaji wana hoja: siku hizi anazaliwa kwenye tangi. Ni kweli, anazaa vizuri akitunzwa, jike hutaga mayai mawili mawili. Lakini kila ukoo wa tangini una bibi na babu, na hao walitoka Kimboza. Cheti cha "amezaliwa nyumbani" hakirudishi mkadi uliokatwa.

Usidhani hayo ni ya Tanzania tu. Mwaka 2025 mahakama ya JKIA iliwatoza vijana wawili wa Ubelgiji faini ya shilingi milioni moja kila mmoja, kwa kupatikana na chungu wapatao 5,000. Wadudu, jamani! Tulizoea kulinda ndovu na faru. Sasa mwindaji anabeba mali yake mfukoni, na yule mdogo wa kichwa cha njano kwenye mnazi wa Kwale pia anaenea humo.