"Daraja ni Nini?": Wananchi wa Ngara na Biharamulo katika Utafiti wa Uzee na Dimenshia

"Daraja ni nini?" Swali hili limo katika CSI-D, chombo cha kuwachuja wazee wenye dalili za dimenshia. Chombo hicho kilianzia kwa Wacree wa Kanada na Wayoruba wa Ibadan, Nijeria, kisha kikasambaa katika nchi ambako wazee wengi hawakuingia darasani. Hapa Tanzania kilitumika wilayani Hai, Kilimanjaro. Huko watafiti wa Tanzania na Uingereza waliwachunguza watu 1,198 wenye miaka 70 na kuendelea, na mwaka 2013 wakachapisha makadirio kwamba asilimia 6.4 ya watu wa rika hilo, umri ukishasawazishwa, wanaishi na dimenshia.

Mpimaji hutarajia jibu jepesi: kitu cha kuvukia mto. Sasa lichukue swali hilo ulipeleke Ngara, mkoani Kagera, mpakani na Rwanda. Mwishoni mwa Aprili 1994, umati wa Wanyarwanda uliokadiriwa kuwa robo milioni ulivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, na Benaco, wilayani humo, ikageuka mji wa mahema wa wakimbizi. Bibi aliyekuwa akilima karibu na barabara ile anaweza kunyamaza akiulizwa daraja ni nini. Anaweza pia kusimulia nusu saa nzima bila kutaja mto. Dodoso lina visanduku viwili tu, sahihi na kosa.

Simaanishi kwamba chombo ni kibovu. Ninachodai ni kwamba katika wilaya kama Ngara na Biharamulo, kuwashirikisha wananchi tangu swali linapotungwa ni sharti la usahihi wa kipimo. Kwa kawaida tunaliweka jambo hili kwenye sura ya maadili, karibu na fomu ya ridhaa na dole gumba, kana kwamba ni adabu tu. Barua inapelekwa kwa mtendaji wa kata, mwenyekiti wa kitongoji anaongozana na wadodosaji, na ripoti inaandika kwamba jamii ilishirikishwa. Walichoshirikishwa ni kuonyesha njia.

Tazama suala la umri. Wazee wengi wa huko hawana cheti cha kuzaliwa, hivyo umri hukadiriwa kwa kalenda ya matukio: uhuru, kuhamishiwa vijijini, vita vya Kagera. Mdodosaji anauliza ulizaliwa wapi, wazazi walitoka wapi, ulifika hapa lini. Katika ukanda huu wa mpaka, wenye ndugu Burundi na Rwanda, hayo ni maswali ya ofisa uhamiaji. Mwaka 2013 Operesheni Kimbunga iliendeshwa Kagera, Kigoma na Geita kuwaondoa waliohesabiwa kuwa wahamiaji haramu, na kumbukumbu yake haijapoa. Mzee anayejibu "sikumbuki" huenda anakumbuka kila kitu, ila amepima mgeni aliyeshika kalamu na akachagua kusahau. Alama zake zitashuka, na jedwali litamsoma kuwa mgonjwa. Mtu wa kumweleza mtafiti hatari hiyo kabla dodoso halijachapwa ni jirani wa mzee yule, na jirani hasomi dodoso hadi aitwe.

Kagera si ngeni kwa watafiti. Utafiti mkubwa wa kaya wa mkoa huo, ulioanza 1991 kwa ushirikiano wa Benki ya Dunia na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulifuatilia kaya zaidi ya 900 katika vijiji na mitaa 51, Ngara na Biharamulo zikiwamo. Watafiti walirudi 2004 na 2010. Waliporudi mara ya kwanza, baada ya zaidi ya miaka kumi, walipata watu kutoka asilimia 93 ya kaya za awali. Mafanikio hayo yanasifiwa kwa haki, lakini waliokuwa wakijua nani kaolewa wapi na nani kahamia Mwanza ni majirani na ndugu. Maarifa yao yalibeba utafiti mgongoni. Swali lenyewe, athari ya vifo vya watu wazima kwa kaya, lilikuwa la wanauchumi waliotaka kujua UKIMWI unaifanyia nini familia. Lilikuwa swali zuri. Bado linanitatiza kwamba tunamwamini mwanakijiji kumtafuta mtu, lakini hatumwamini kulitafuta swali.

UKIMWI huohuo umeacha alama katika upimaji wa dimenshia. Vipimo hivi humtegemea pia mtu wa karibu anayeweza kueleza kama mzee amebadilika kuliko alivyokuwa. Katika kaya nyingi za Kagera kizazi cha kati kilitoweka, na anayeishi na bibi ni mjukuu. Mtoto wa miaka kumi na minne hawezi kulinganisha bibi wa leo na bibi wa zamani asiyemfahamu. Shirika la Kwa Wazee, lililoanza 2003 Nshamba, wilayani Muleba, kwa kuwapa wazee wa aina hii pensheni ndogo, lilifanyiwa tathmini iliyotoka 2008, na jina la tathmini hiyo lilitaja chumvi, sabuni na viatu vya shule. Mzani wa mafanikio ulikuwa vitu ambavyo bibi mwenyewe huvihesabu. Utafiti wa dimenshia unahitaji mzani wa namna hiyo: mzee ameacha kugawa chakula kwa haki, anaanika maharage mvua ikinyesha, anamwita mjukuu kwa jina la marehemu.

Kuna pingamizi ambalo wenzangu hulitoa kwa nia njema, kwamba ukimwachia mwananchi aweke ajenda, ataomba miwani. Na aombe! Kamisheni ya jarida la Lancet kuhusu dimenshia iliutaja upungufu wa kusikia kuwa kihatarishi tangu 2017, na mwaka 2024 ikaongeza kutoona vizuri kusikotibiwa. Zaidi ya hapo, mzee asiyesikia maneno kumi anayosomewa katika kipimo cha kumbukumbu hawezi kuyarudia, na hilo halisemi lolote kuhusu kumbukumbu zake.

Ugumu wa kweli uko kwingine: mwananchi ni nani? Mabaraza ya wazee yapo na ni rahisi kuyaitisha, lakini wanaozungumza humo mara nyingi ni wanaume wenye afya na ufasaha. Mkamwana anayemwogesha mama mkwe hana kiti pale, na saa za kikao ni saa zake za kuchota maji. Mzee mwenye dimenshia ndiye asiyetajwa kabisa. Uskoti imekuwa na kikundi cha wenye dimenshia wenyewe tangu 2002. Sioni sababu ya mwenye dalili za mwanzo kule Rulenge, Ngara, kuhesabiwa hana la kusema. Radio Kwizera, inayorusha kutoka Ngara tangu 1995, inaweza kuwaita watu, ila redio hufikisha sauti upande mmoja. Mkamwana atafuatwa jikoni, na muda wake ulipwe.

Halafu kuna hofu ambayo Biharamulo inaijua, kwa kuwa inapakana na maeneo ambako bibi kizee mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni amewahi kuuawa kwa kudhaniwa mchawi. Gari la utafiti likisimama mara tatu kwenye mji mmoja, majirani watatafuta sababu. Ni afadhali wenyeji waseme kama nyumba zote zenye wazee zitembelewe, au wazee wote waitwe zahanati siku ya kupima presha.

Uamuzi huo unagusa hata mrejesho wa matokeo, ambao tunapenda kuutoa mbele ya mkutano wa kijiji. Kitongoji kikiwa na wazee kumi na wawili, ukitangaza kwamba watatu wana dimenshia, watu watakuwa wamewataja kwa majina kabla hujashuka jukwaani. Nani aambiwe, kwa lugha ipi, Kiswahili au Kihangaza au Kishubi, na mkwe awepo au asiwepo, ni mambo ya kukubaliana na familia kabla mzee wa kwanza hajaulizwa kuhusu daraja.