Koyote na Kulungu Majuu: Ni Risasi Gani Inaweza Kazi Zote Mbili?

Kama uko na binamu Texas ama Colorado, pengine ushaona hizo picha kwa status: msee na bunduki begani, pikapu nyuma yake, na kulungu chini. Hapa Kenya stori ya uwindaji ilifungwa 1977, serikali ilipopiga marufuku. Majuu ni halali ukifuata sheria, na Mkenya akizoeana na majirani, mwaliko hauchelewi. Swali linakujanga hivi: nikitaka bunduki moja tu, ya koyote na ya kulungu, nichague risasi gani?

Jibu fupi ni hili: pima na kulungu kwanza. Risasi ya kulungu inaangusha koyote bila stress. Lakini risasi ya koyote inaweza kumwachia kulungu kidonda, akimbie nacho na afe pole pole huko porini, na wewe urudi keja mikono mitupu. Hiyo si uwindaji, ni kutesa mnyama.

Anza na risasi yenyewe

Risasi nzima, ile madukani inaitwa katriji, ina vitu vinne: ganda, fataki ya kuwasha, baruti na kichwa. Kichwa ndicho kinachosafiri. Uzito wake unapimwa kwa greini, na greini 100 ni karibu gramu 6.5. Namba kama .243 ni upana wa hicho kichwa kwa inchi.

Hawa wanyama hawafanani

Koyote ni wa familia moja na mbwa na mbweha. Wengi wako kati ya kilo 9 na 20. Mwili mwembamba, mjanja, na mara nyingi unampata akiwa mbali, uwanja ukiwa wazi. Kuna wasee huuza ngozi yake, so hawataki kuitoboa shimo kubwa.

Kulungu wa mkia mweupe ni level ingine. Mkubwa anaweza kupita kilo 100. Moyo na mapafu yake yamefichwa nyuma ya mbavu na nyama ya bega, kwa hivyo kichwa cha risasi lazima kipenye mpaka ndani.

Ndio maana vichwa hutengenezwa tofauti. Cha koyote kinapasuka haraka kikigusa mwili. Cha kulungu kinapanuka huku kikiendelea kupenya. Ukimpiga kulungu begani na kile cha kupasuka, kinaweza kuishia juu juu tu. Soma boksi vizuri: bunduki inaweza kuwa moja, lakini kazi ya vichwa si moja.

Cheki hizi tatu

1. .223 Remington. Kichwa cha greini 55 kinatoka na kasi ya karibu mita 980 kwa sekunde. Haikupigi teke begani, na bei yake kawaida iko chini kwa sababu ni ndugu ya ile 5.56 ya wanajeshi. Kwa koyote iko moto. Kwa kulungu ni kubahatisha: unahitaji kichwa kigumu cha kupenya, mnyama awe karibu, na mkono wako utulie.

2. .243 Winchester. Ilitoka 1955. Ni ganda la .308 lililobanwa shingo libebe kichwa kidogo. Unapata vichwa vyepesi vya greini 58 hivi vya koyote, na vya greini 95 ama 100 vya kulungu. Kile cha 100 kinatoka na karibu mita 900 kwa sekunde, na bado teke lake ni la kuvumilika hata kwa anayeanza.

3. .308 Winchester. Ya 1952. Kichwa cha greini 150 kinamaliza kulungu vizuri. Kwa koyote ni nguvu nyingi kupita kiasi: ngozi inaharibika, bega linachoka, na doo zinaisha haraka ukifanya mazoezi.

Kati ya hizo, .243 ndiyo inasimama katikati poa. Kama unawaza kulungu wakubwa zaidi na mbali zaidi, 6.5 Creedmoor ya 2007 ni chaguo fiti pia.

Usichanganye ovyo

Greini 58 na greini 100 hazigongi mahali pamoja, hata bunduki ikiwa ile ile. Ukibadilisha boksi, rudi kwa uwanja wa shabaha, piga karatasi, urekebishe darubini. Kama hutaki hiyo kazi, tumia kichwa kimoja cha kulungu kwa wanyama wote wawili na ukubali ngozi ya koyote itaumia.

Weka risasi iliyoandikwa kwa mtutu wa bunduki yako tu. Bunduki ya .223 isiwekwe 5.56, hata kama inaingia, kwa sababu presha yake inaweza kuwa juu kupita kiasi. Na kabla ya kufyatua, angalia kilicho nyuma ya mnyama. Risasi ikimkosa, inaendelea na safari.

Sheria iko na rada kali

Kila jimbo liko na yake. Colorado inataka kaliba isiyopungua .24 kwa kulungu, na kichwa kisichopungua greini 70. Virginia inataka .23 kwenda juu. So .223 imekataliwa kwote kuwili, lakini .243 inapita. Texas inaruhusu .223, ila risasi za .22 zinazowashwa ukingoni mwa ganda ni marufuku kwa kulungu. Hapo Texas pia, ukiwa umezaliwa kuanzia 2 Septemba 1971, unahitaji kozi ya uwindaji juu ya leseni. Na sehemu kubwa ya ardhi ni ya watu binafsi, so omba ruhusa ya mwenye shamba.

Hapa sasa ndio Wakenya wanaweza kuangukia ngori. Ukiwa na green card, sheria ya shirikisho haikuzuii kwa sababu ya uraia wako. Ukiwa na visa ya masomo ama ya kutembea, kawaida huruhusiwi kumiliki bunduki wala risasi, isipokuwa kama una leseni halali ya kuwinda ama sababu zingine chache za kisheria. Na kama karatasi zako zimeisha, usiguse hata risasi moja, hata ya kushikiwa picha. Hiyo ni kesi inayoweza kukupeleka jela, halafu ndege ya kurudi JKIA.

Kwa hivyo panga hivi: makaratasi kwanza, sheria ya jimbo ya pili, halafu ndio uende duka ukiulizia .243.