Nyuzi za Gita na Historia Yake

Gita huhesabiwa kuwa kazi ya seremala. Asifiwapo fundi wake, hutajwa mti alioupasua, umbo alilolikata na gundi aliyoitumia. Nyuzi husahauliwa, kwa kuwa hununuliwa dukani na kutupwa zichakaapo. Lakini historia ya chombo hiki yatoa ushahidi mwingine. Mara nyingi uzi ulitangulia na mti ukafuata. Na pale ambapo mti haukuwahi kufuata, chombo kiliharibika.

Kanuni ya jambo hili iliandikwa na Marin Mersenne, mtawa na mwanachuoni wa Ufaransa, katika kitabu alichokitoa mwaka 1636. Mitetemo ya uzi hutegemea mambo matatu: urefu, uzito na mkazo. Atakaye kuifanya maradufu aweza kuupunguza uzi hadi nusu ya urefu wake, au kuukaza mara nne, au kutwaa uzi mwingine ambao uzito wake kwa urefu ule ule ni robo tu. Katika gita nyuzi zote zina urefu mmoja. Basi yabaki mambo mawili, uzito na mkazo, na yote mawili huamuliwa na uzi uliochaguliwa.

Kwa karne nyingi nyuzi nyembamba za gita zilisokotwa kwa utumbo wa kondoo. Uzi huu ulikuwa mwanana kidoleni na mtamu sikioni, lakini haukuwa na uaminifu. Ulinyonya unyevu wa hewa, ukabadilika sauti kwa mabadiliko ya hali ya hewa. Ulichanika, na aghalabu ulikatika mbele ya wasikilizaji. Tena uzi mnene wa utumbo, uliotakiwa kutoa sauti nzito, ulikuwa mgumu kupindika na sauti yake ilififia. Katika nusu ya pili ya karne ya 17 dawa ya kasoro hiyo ilipatikana: kuuzungushia uzi waya mwembamba wa madini, ili uzito uongezeke bila ya ugumu kuongezeka. Baadaye hariri iliyozungushiwa waya ikawa ndiyo nyuzi za chini za gita. Mwishoni mwa karne ya 18 gita liliziacha nyuzi za jozi likashika nyuzi sita moja moja. Antonio de Torres wa Hispania (1817–1892) alijenga magita yake kwa nyuzi za namna hiyo: ubao wa uso mwembamba, mihimili myepesi iliyotandazwa kama upepeo, na urefu wa uzi wa karibu milimita 650.

Marekani ilifuata njia nyingine. Huko gita lilitakiwa lisikike kati ya banjo na fidla, na maonyesho ya San Francisco ya mwaka 1915 yaliueneza muziki wa Hawaii, ambao ulipigwa kwa nyuzi za chuma. Chuma kilikuwa na sauti kubwa, lakini kilidai malipo. Seti ya nyuzi za chuma nyepesi huvuta kwa nguvu ipitayo kilo 70, hali seti ya nailoni ya siku hizi huvuta kwa kilo 40 hivi. Gita lililojengwa kwa utumbo, likitiwa chuma, uso wake huvimba, daraja lake hung'oka na shingo yake hupinda. Ndipo mafundi walipolazimika kuutii uzi. Kiwanda cha Martin, kilichoanzishwa na mhamiaji wa Kijerumani aliyefika New York mwaka 1833, kilianza mwaka 1922 kutoa kwa kawaida gita lililokusudiwa nyuzi za chuma. Mihimili yake iliyopishana kama msalaba ilikuwa imebuniwa katika karne ya 19 kwa ajili ya utumbo. Ilipoimarishwa, ikaubeba mzigo ambao wabunifu wake hawakuuwaza. Mwaka 1923 kiwanda cha Gibson kilipata hataza ya fimbo ya chuma ifichwayo ndani ya shingo ili kuuzuia upindaji.

Mpigaji naye alilipa sehemu yake. Kila uzi ubanwapo shingoni huvutika kidogo, na sauti yake hupanda kupita kiasi. Uzi wa chuma huathirika zaidi kwa mvuto huo mdogo, na uzi mnene huathirika kuliko mwembamba. Kwa sababu hiyo mfupa wa darajani katika gita la chuma huwekwa mshazari, ili nyuzi nene zipate urefu zaidi. Nyuzi nyembamba humpumzisha mpigaji, lakini akizipiga kwa nguvu hutikisika sana zikagonga shingo. Nene hutoa sauti iliyojaa, nazo huuchosha mkono.

Vita Kuu ya Pili ilileta badiliko la mwisho. Utumbo ndio uliofanyizwa nyuzi za kushonea majeraha, nao ukahitajika hospitalini kuliko ukumbini. Nailoni, iliyovumbuliwa mwaka 1935 katika maabara ya DuPont, ikashika nafasi. Albert Augustine, fundi mzaliwa wa Denmark aliyefanya kazi New York, aliifanya kuwa nyuzi za gita katika miaka ya 1940, naye Andrés Segovia, mpigaji mashuhuri wa Hispania, akazikubali. Nailoni haikukatika ovyo wala haikuogopa unyevu kama utumbo. Kasoro yake ni kwamba uzi mpya huendelea kurefuka kwa siku kadhaa, na vigingi huna budi kuvirudia mara kwa mara hadi utulie.

Kwa hiyo magita mawili ya leo, la nailoni na la chuma, yametengwa na nyuzi kwanza, kisha na mbao. Abadilishaye uzi hubadilisha mzigo, na kila mzigo una chombo chake. Mwenye kurithi gita kuukuu, asiyeuliza lilijengwa kwa uzi gani, aweza kuiharibu kwa usiku mmoja kazi iliyodumu miaka mia.